Mfereji wa Suez na Watu Wanaoulinda

Msafiri anayeukaribia Mfereji wa Suez kwa njia ya nchi kavu huona meli kabla ya kuona maji. Mbele yake ni mchanga mtupu wenye rangi ya ngozi ya simba, na katikati ya mchanga huo hupita chombo kirefu kama mtaa mzima, kimepakiwa makontena ya kila rangi, kinakwenda polepole bila kishindo. Mpaka asogee ukingoni ndipo atakapouona ukanda wa maji ya kijani uliokibeba.

Nilikwenda Misri mwanzoni mwa mwaka 2023 kwa mafunzo mafupi ya watumishi wa serikali, na siku za mapumziko nilizitumia kuufuata mfereji huo kutoka Port Said, ulipo mlango wake wa kaskazini, hadi mji wa Suez ulio kusini. Nawaandikia ndugu zetu walio jeshini na katika polisi, pamoja na jamaa zao makambini, kwa kuwa sijapata kuona mahali pengine ambapo historia ya taifa imeshikamana hivyo na kazi ya lindo.

Kwanza niutaje mfereji wenyewe. Urefu wake leo ni kilometa 193, na unaunganisha Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu. Hauna milango ya kupandisha na kushusha maji kama ule wa Panama, maana bahari zote mbili zina kimo karibu sawa. Maji hupita moja kwa moja. Meli husafiri kwa misafara, moja nyuma ya nyingine, kwa mwendo usiomzidi sana mpanda baiskeli, na kila moja hupanda rubani wa Kimisri wa kuiongoza. Safari nzima huchukua saa kumi na moja hadi kumi na sita. Mwaka 2015 Wamisri walifungua njia ya pili yenye urefu wa kilometa 35 sambamba na ile ya zamani, ili misafara ipishane bila kungojana sana.

Nchi yetu haina pwani, lakini tusidhani kwamba jambo hili halituhusu. Mashine, dawa na vipuri vinavyotoka Ulaya kuja Mombasa, na kutoka Mombasa kuja kwetu kwa lori, njia yao fupi ni hiyo. Tena kuna kiungo kingine ambacho wachache hukikumbuka. Katika jangwa lile hapakuwa na maji ya kunywa, na wachimbaji wasingeweza kuishi. Kwa hiyo ulichimbwa kwanza mfereji mdogo wa maji baridi kutoka Mto Nile hadi Ismailia, kisha ukaendelezwa hadi Suez, ukafika huko mwaka 1863. Miji ya mfereji hunywa maji ya Nile mpaka leo. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka Ethiopia, lakini sehemu yake hutoka kwetu, pale Jinja. Nilipopewa bilauri ya maji katika mkahawa mmoja wa Ismailia, niliinywa kwa heshima kidogo kuliko kawaida yangu.

Mfereji ulianza kuchimbwa tarehe 25 Aprili 1859, ukafunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Mfaransa Ferdinand de Lesseps ndiye aliyepata kibali kutoka kwa mtawala Said Pasha, na kampuni yake ikapewa haki ya kuuendesha kwa miaka 99. Wakulima wa Misri ndio waliochimba. Katika mwaka 1862 walikuwa wakipelekwa wapatao elfu ishirini kila mwezi kwa kazi ya kulazimishwa, wakiacha mashamba yao. Mtawala aliyefuata, Ismail, alipotaka kukomesha kazi hiyo, kampuni ililalamika kuwa imevunjiwa mkataba. Shauri likapelekwa kwa Napoleon III, mfalme wa Wafaransa, naye mwaka 1864 akaamua kwamba Misri iilipe kampuni faranga milioni 84. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa fidia ya kuwaondoa watu wake yenyewe katika shokoa. Nimesoma mikataba mingi katika kazi yangu ya ofisini, lakini sijaona mfano wa huo.

Basi ndivyo Misri ilivyoanza kuupoteza mfereji kwa karatasi, miaka mingi kabla ya kuupoteza kwa bunduki. Ismail alikopa na kukopa tena. Mwezi Novemba 1875, wenye kumdai walipombana, aliiuzia Serikali ya Uingereza hisa zake zote 176,602, karibu nusu ya hisa za kampuni, kwa pauni zipatazo milioni nne. Mwaka 1880 hata ile asilimia 15 ya faida ambayo Misri ilikuwa na haki nayo ikauzwa ili kulipa madeni. Mfereji ulibaki katika ardhi ya Misri, ukilindwa na kutunzwa kwa jasho la Wamisri, na faida yake ikienda Paris na London.

Bunduki ilifuata mwaka 1882. Kanali Ahmed Urabi alikuwa ameongoza jeshi na wananchi dhidi ya uingiliaji wa wageni. Waingereza walipoupiga mji wa Alexandria kwa mizinga ya manowari, maofisa wake walimshauri auzibe mfereji mara moja. De Lesseps akamhakikishia kwamba hakuna taifa litakalothubutu kuingiza majeshi katika njia ile, na Urabi akachelewa. Mwezi Agosti meli za kivita zikaingia kupitia mfereji huohuo, zikashusha askari Ismailia, na tarehe 13 Septemba jeshi la Urabi likavunjwa alfajiri pale Tel el-Kebir. Waingereza walisema wamekuja kwa muda mfupi. Askari wao wa mwisho katika ukanda wa mfereji aliondoka mwezi Juni 1956.

Sasa nifike Ismailia, mji ambao polisi wetu wangependa kuujua. Ni mji wa miti mikubwa na nyumba za zamani za Kifaransa zenye roshani za mbao, ulio kando ya Ziwa Timsah, yaani Ziwa la Mamba, ingawa mamba hawapo tena. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Mamlaka ya Mfereji. Na hapo ndipo palipotokea vita vya tarehe 25 Januari 1952.

Wakati huo Misri ilikuwa imekwisha kuufuta mkataba wa 1936 ulioruhusu majeshi ya Uingereza kukaa kando ya mfereji. Wafanyakazi wa Kimisri walikuwa wameacha kazi katika kambi za Waingereza, na vijana wenye silaha walikuwa wakizishambulia usiku. Waingereza walishuku kwamba polisi wa Ismailia wanawasaidia. Alfajiri ya siku hiyo waliuzingira mji kwa vifaru, wakawataka polisi waliokuwa katika jengo la mkoa na katika kambi yao watoe silaha na kuondoka. Kutoka Cairo, Waziri wa Mambo ya Ndani, Fuad Serageddin, akaagiza wasisalimu amri.

Msomaji aliyewahi kushika lindo afikirie hali hiyo. Hawa walikuwa polisi, wala hawakuwa jeshi. Silaha zao zilikuwa bunduki za zamani za kupiga risasi moja moja. Mbele yao kulikuwa na vifaru aina ya Centurion na mizinga. Wangeweza kutoka na kwenda makwao, na pengine hakuna ambaye angewalaumu. Walipigana kwa saa kadhaa hadi risasi zilipokwisha na kuta zikawaangukia. Polisi wapatao hamsini waliuawa. Kesho yake Cairo iliwaka moto kwa hasira, na baada ya miezi sita tu, tarehe 23 Julai, maofisa vijana wa jeshi wakamwondoa Mfalme Farouk.

Tarehe 25 Januari ikawa Siku ya Polisi nchini Misri, na tangu 2009 ikawa siku ya mapumziko kwa nchi nzima. Lakini haitakuwa haki kulisimulia hilo bila kusema lililotokea mwaka 2011. Vijana waliochoshwa na ukatili wa polisi waliichagua siku hiyohiyo kuingia barabarani, nao wakaanzisha maandamano yaliyomwondoa Rais Hosni Mubarak. Sidhani kwamba waliwadharau wale wa Ismailia. Nadhani waliwakumbuka vizuri sana, ndiyo maana waliona tofauti.

Habari ya 1956 inajulikana zaidi, nami nitaipita upesi. Tarehe 26 Julai mwaka huo, akihutubia umati Alexandria, Rais Gamal Abdel Nasser alitaja jina la de Lesseps. Jina hilo lilikuwa ishara. Makundi ya watu chini ya Mahmoud Younis yalikuwa yakisikiliza redio, yakangoja neno hilo, kisha yakaingia katika ofisi za kampuni na kuzitwaa. Usiku wa tarehe 14 Septemba marubani wengi wa kigeni waliacha kazi kwa pamoja, na huko Ulaya ikatarajiwa kwamba meli zitagongana na Misri itaaibika. Marubani wachache wa Kimisri, pamoja na Wagiriki waliokubali kubaki, walifanya kazi zamu juu ya zamu, na meli zikapita. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa kazi ya ulinzi sawa na ile ya askari, kwa sababu hoja ya wageni ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi. Uingereza, Ufaransa na Israeli zilishambulia mwishoni mwa Oktoba. Wamisri walizamisha meli kuuziba mfereji, safari hii bila kuchelewa, na kabla ya Krismasi Waingereza na Wafaransa walikuwa wameondoka Port Said. Wananchi wa mji huo wakailipua sanamu kubwa ya de Lesseps iliyokuwa mlangoni mwa mfereji. Jukwaa lake la mawe lipo bado, tupu. Nililipita nikielekea kwenye pantoni ya kwenda Port Fouad, ambayo abiria wa miguu hupanda bure.

Kilichonigusa zaidi ni habari za familia. Katika vita vya Juni 1967 Israeli iliitwaa rasi ya Sinai, na ukingo wa mashariki wa mfereji ukawa mstari wa mbele. Mfereji ulifungwa kwa miaka minane. Meli kumi na nne zilinaswa katika Ziwa Kuu Chungu, zikakaa hapo hadi mchanga wa jangwa ukazipaka rangi, watu wakaziita Msafara wa Manjano. Mabaharia wake, waliotoka nchi za Mashariki na Magharibi zilizokuwa zikihasimiana, walichapisha stempu zao wenyewe na kufanya michezo yao ya Olimpiki mwaka 1968. Hayo husimuliwa kwa kicheko. Yasiyosimuliwa sana ni ya watu wa nchi kavu. Miji ya Port Said, Ismailia na Suez ilipigwa mizinga kila mara, na mamia ya maelfu ya wakazi wakahamishwa kwenda mikoa mingine, wakaishi kwa jamaa au katika madarasa ya shule. Mama mmoja mwenye duka Suez aliniambia kwamba alizaliwa ugenini, akaletwa nyumbani akiwa na miaka sita, asiujue mtaa wa baba yake.

Waliobaki Suez walikuwa wafanyakazi wa lazima, wanamgambo na polisi, na jioni walijiliwaza kwa simsimiyya. Hiki ni chombo cha nyuzi chenye mikono miwili na upau juu yake. Nilipokiona nilishangaa, kwani ni ndugu wa endongo ya Waganda na nyatiti ya Wajaluo. Kundi lililoitwa Awlad al-Ard, yaani Wana wa Ardhi, lilizunguka katika mahandaki likiwaimbia askari kwa chombo hicho.

Tarehe 6 Oktoba 1973, saa nane mchana, jeshi la Misri lilivuka. Ng'ambo ya pili Waisraeli walikuwa wamejenga ukuta wa mchanga uliofika mita ishirini katika baadhi ya sehemu, na wataalamu walidhani kwamba baruti na makatapila vingehitaji siku nzima kuutoboa. Ofisa mhandisi, Baki Zaki Youssef, aliyewahi kufanya kazi katika ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan, alikuwa ametoa shauri jepesi: watumie pampu, wayanyonye maji ya mfereji wenyewe na kuyarusha kwa nguvu ukutani. Mchanga uliyeyuka, na kwa saa chache njia za vifaru zikafunguka. Wanajeshi wetu wa uhandisi watanielewa nikisema kwamba pampu ile ilistahili nishani.

Vita hivyo havikwenda vizuri hadi mwisho. Waisraeli nao walivuka kuja upande wa magharibi na kulizingira Jeshi la Tatu. Tarehe 24 Oktoba walijaribu kuingia Suez. Raia, polisi na askari waliotawanyika waliwangoja katika barabara nyembamba, wakavipiga vifaru vyao, na baadhi ya Waisraeli wakalazimika kujificha katika kituo cha polisi cha Arbaeen hadi usiku, walipopata mwanya wa kutoroka. Mji haukutekwa. Mkoa wa Suez huadhimisha tarehe hiyo kila mwaka. Mfereji ulifunguliwa tena tarehe 5 Juni 1975, baada ya mabomu na meli zilizozama kuondolewa, na familia zikaanza kurudi katika nyumba zisizo na paa.

Tangu wakati huo adui amebadilika sura. Katikati ya 1984 meli zipatazo kumi na tisa ziliharibiwa na mabomu yaliyotegwa kwa siri katika Ghuba ya Suez na Bahari ya Shamu, na mataifa kadhaa yakaleta meli za kuyatafuta. Tarehe 31 Agosti 2013 magaidi waliirushia maroketi meli ya makontena Cosco Asia ilipokuwa ikipita mferejini. Haikudhurika sana, lakini serikali ilielewa onyo hilo, ulinzi wa kingo ukakazwa na kuta zikajengwa. Tarehe 7 Mei 2022, mashariki ya mfereji, wapiganaji walikishambulia kituo cha kusukuma maji, wakawaua wanajeshi kumi na mmoja waliokuwa wakikilinda. Nasisitiza kwamba kilikuwa kituo cha maji. Mlinzi wa mfereji hulinda pia bomba, daraja, reli na pantoni, na gaidi huchagua mahali anapodhani pana usingizi.

Barabarani nilikaguliwa mara nyingi. Kwenye kizuizi kimoja karibu na Qantara, koplo kijana aliitazama pasi yangu, akaniuliza Uganda ni upande gani, kisha akaufungua mfuko wangu wa nguo kipande kwa kipande, kwa adabu, na kuurudishia kila kitu. Abiria wenzangu walinung'unika kwa kuchelewa. Mimi niliona kwamba ule uvumilivu wake wa saa saba mchana, juani, ndio hasa unaoifanya bima ya meli isipande.

Hata hivyo ukingo ukilindwa vipi, haulindi yote. Kuanzia Novemba 2023 wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen walizishambulia meli katika Bahari ya Shamu na kwenye mlango wa Bab el-Mandeb, zaidi ya kilometa elfu mbili kusini ya Suez. Hawakuugusa mfereji. Lakini makampuni mengi yalizigeuza meli zao zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu zaidi kwa siku kumi au zaidi. Mwaka 2023 mfereji ulikuwa umeingiza zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 2024 uliingiza karibu bilioni 4. Nyuma ya hapo, mwezi Machi 2021, upepo wa mchanga na uongozaji mbaya viliikwamisha meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ikauziba mfereji kwa siku sita bila gaidi yeyote kuhusika.

Na ile hatari ya karatasi haijasahauliwa. Nilipofika, watu walikuwa bado wakizungumza juu ya muswada uliofikishwa bungeni Desemba 2022 wa kuunda mfuko maalumu wa Mamlaka ya Mfereji. Mwenyekiti wa Mamlaka, Osama Rabie, alilazimika kutangaza kwamba mfereji hautauzwa wala kukodishwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Port Said alinikumbusha tarakimu ya hisa za Ismail bila kufungua kitabu, kama vile sisi tunavyokumbuka namba za nyumba zetu. Ibara ya 43 ya katiba yao ya 2014 inasema kwamba dola itaulinda mfereji na kwamba ni mali yake. Mwezi Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alidai hadharani kwamba meli za nchi yake, za kivita na za biashara, zipite bure Suez na Panama. Mkataba wa Constantinople wa 1888 unataka mfereji uwe wazi kwa meli za bendera zote bila ubaguzi; kupita bila ubaguzi na kupita bila malipo ni mambo mawili, na mtumishi yeyote wa forodha anajua tofauti yake.

Siku yangu ya mwisho Ismailia ilikuwa Ijumaa. Kando ya Ziwa Timsah familia zilikuwa zimetandika mikeka, wanawake wakigawa samaki wa kuchoma na mkate, watoto wakibishana juu ya bendera za meli zilizokuwa zikipita mbali kidogo: moja ya Liberia, moja ya Panama, moja ambayo hakuna aliyeitambua. Miongoni mwao alikuwapo sajini wa jeshi aliyekuwa likizo, na mkewe akilalamika kwamba hata leo ameketi akilipa ziwa kisogo na kuutazama mchanga. Alisema kwamba meli ina rubani, kisha akaomba aongezewe samaki.